Shingo Iliyouzwa kwa Karati

Baba aliikuta bahari mita kumi na saba chini ya jangwa,
Jumanne, saa nne asubuhi, kwa ncha ya bisibisi.
Alikuwa amelala ubavu, taa kichwani,
akikwangua ukuta laini kama jibini,
mara rangi ikamkonyeza: kijani, kisha wekundu wa kaa,
kisha buluu isiyokuwa na jina kijijini kwao Serbia.
Hakupiga kelele. Mchimba opali apigaye kelele huibiwa usiku.
Alipanda ngazi, akanywa chai, akamwambia mama, "Nimeona kitu."
Mama akaendelea kumenya viazi.
Kwa miaka tisa alikuwa akiambiwa nimeona kitu.

Siku ya tatu kitu kikaanza kuwa mtu.
Hapana, si mtu:
pingili, na pingili, na pingili,
zimefuatana kama vikombe vilivyosahauliwa mezani,
shingo, shingo, bado shingo,
kisha mbavu, kisha makasia manne ya mifupa.
Tulimteremsha mwalimu Hesketh kwa winchi, amekaa ndani ya ndoo,
miwani imejaa vumbi, naye akanong'ona kama yuko kanisani:
hapa, tunaponunua maji kwa lori,
palikuwa na bahari baridi, yenye vipande vya barafu,
na mjusi huyu alipanda juu kuvuta pumzi, kama sisi,
akazama tena kuwinda ngisi.
Alipokufa, tope likamfunika. Mfupa ukahama tone kwa tone,
na rangi ikaingia kupanga chumba kilichobaki wazi.

"Waandikie watu wa makumbusho, Velimir."
Baba akacheka. Makumbusho hulipa ahsante,
na ahsante haijazi tangi la dizeli.
Tulidaiwa maji. Tulidaiwa mguu wa kaka yangu Miodrag,
uliotibiwa Adelaide, ukarudi mfupi.
Deni halina meno, lakini waulize waliolala nalo.

Bwana Lam akaja kutoka Hong Kong, mizani mfukoni mwa shati.
Hakununua mnyama. Alinunua rangi.
Kwa hiyo baba akachukua koleo,
nami, mwenye miaka kumi na mmoja, nikashika tochi.
Ulikuwa mlio mdogo tu,
kama mtu anayevunja njugu chumba cha pili.
Miaka milioni mia moja na ushei
ilimalizika kwa siku mbili na nusu.

Sitamhukumu. Nilivaa viatu vilivyotoka kwenye ile shingo.
Nilikunywa maji yake.
Lakini pingili moja niliiba,
ile iliyokuwa ya kijivu, isiyo na bei,
yenye uzi mmoja wa buluu kwenye tundu
ambamo zamani ilipita amri ya kugeuka.
Ninayo hadi leo, kwenye kopo la biskuti, pamoja na vifungo.

Mwaka jana, ndani ya basi, Adelaide,
mwanamke mmoja alishika bomba la juu,
na kwenye kidole chake kijani kikageuka wekundu, wekundu kijani.
Nilikaribia kumshika mkono.
Nilitaka kumwambia: mama, unavaa kipande cha shingo,
kipande kingine labda kiko Osaka, kingine Geneva,
mnyama wenu anaogelea vidole mia mbili kwa wakati mmoja
na hakuna kidole kinachojua kinaelekea wapi.
Alishuka kituo cha hospitali.

Baba naye alikwenda mwezi wa tisa.
Wiki ya mwisho aliacha Kiingereza, akarudi Kiserbia,
na swali lilikuwa hilo hilo, kila alfajiri:
"Kichwa, Slavica. Kichwa hatukukiona?"
Hatukukiona, baba.
Lile shimo lilijifukia mvua ya mwaka ule.
Huenda upana wa kiganja tu ulibaki
kati ya bisibisi yako na meno yake,
na meno yote bado yapo,
gizani, ambako rangi si rangi
na hakuna wa kuyapima.